Wachoraji mnauliza: ada, kopi na picha zilizokwama hotelini

Maswali ya safari hii yametoka Arusha na Moshi, karibu yote kwa watu walio ndani ya vyama vya wachoraji au wanaochungulia mlangoni. Nimeyafupisha.

Nimeshajisajili BASATA. Kuna haja gani tena ya kuingia chama cha wachoraji? (Pasua, Moshi)

Hivyo ni vitu viwili, kaka. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, linakutambua kuwa msanii na kusimamia vibali. Halitakuazima fremu wala kukupa nafasi ukutani. Kuwa na vyote viwili, na makaratasi yakikusumbua anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa yako.

Nalipa ada kila mwezi, mwaka unaisha na chama hakijaniuzia hata picha moja. Niache? (Sakina, Arusha)

Dada, kwanza picha zako ziko katika hali gani? Wengi wanaolalamika hivi walileta picha tatu siku ya kujiunga na ni hizohizo mpaka leo: kanvasi imelegea, mgongoni kuna madoa ya ukungu wa masika. Mnunuzi huigeuza picha akaangalia nyuma, usidhani hageuzi. Iwambe upya, gonga kabari za kwenye kona za fremu mpaka ukiipiga kidole ilie.

Hayo yakiwa sawa, sasa kikague chama. Mnanunua kanvasi na akriliki kwa pamoja, kwa bei ya jumla? Mnaandaa maonyesho mapema, watalii wa Juni wakifika mkute picha zimeshaning'inia, au mnashtuka Agosti? Kuna mtu anakwambia ukweli kuhusu kazi zako? Kingine, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile isiyo na riba, wanawake na vijana huipata kwa vikundi. Ukiwa peke yako utaisikia redioni tu. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na mkutano wenu wote ni kusoma majina ya wadaiwa, ondoka. Ila lipa malimbikizo kwanza. Arusha ni ndogo.

Mwanachama mwenzangu ananakili picha zangu na kuwapa flaikacha, vijana wanaowafuata watalii mitaani, wauze pale Mnara wa Saa. Nikilalamika, wazee wa chama wananiambia sanaa ni ya wote. (Ngarenaro, Arusha)

Wazee wako wana nusu ya haki. Mmasai mwembamba mwenye mkuki, jua jekundu, mbuyu: hayo hayana mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi wazo. Inalinda picha yenyewe namna ulivyoichora, tangu siku uliyoichora, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kwa hiyo akichora Wamasai, mwache. Akichukua mpangilio wako wa watu, rangi zako na hata yule mbwa mweusi uliyemlaza kona ya kushoto, hapo amekuibia.

Naelewa wazee wanakotoka. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mtindo wake umeendelea kuishi kwa sababu wanafunzi waliiga, nao wakaigwa. Bila kuiga tusingekuwa na Tingatinga ya kuzungumzia. Lakini kuiga ili ufundi uingie mkononi ni jambo moja, na kuuza kopi ya kazi ya jirani unayekaa naye benchi moja ni jambo lingine. Mimi ningedai kifungu hicho kiingie kwenye katiba ya chama. Wakati huohuo, piga picha kila kazi kabla haijatoka, andika jina na mwaka nyuma yake, na zile unazozithamini zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zisajiliwe. Usajili ndio ushahidi wako siku ya kesi. Halafu mkabili mbele ya mwenyekiti. Kwenye grupu la WhatsApp mtatukanana tu.

Hoteli moja inataka picha 12 za chama ukutani kwake, bila malipo, eti tutatangazika. (Njiro, Arusha)

Kutangazika hakununui rangi. Wapeni kwa mali kauli: zikiuzwa tunalipwa, zisipouzwa zinarudi. Andikeni orodha ya kila picha, kipimo chake, bei na asilimia ya hoteli, tarehe ya kuzirudisha, na nani analipa ikidondoka au bomba likivuja. Meneja asaini. Kisha mmoja wenu apite kila mwezi kuhesabu, maana mameneja huhama, na mpya atadhani picha ni za hoteli.

Mimi nachora mabango na maandishi ya kwenye magari. Watanipokea? (Majengo, Moshi)

Wakikukataa, wao ndio wamekosa. Mkono unaoandika herufi ukutani bila kutetemeka si wa kuchezea.

Wauzaji wanasema chora tembo na Wamasai. Mwenyekiti anataka maisha ya kwetu. Nimsikilize nani? (Soweto, Moshi)

Tembo wakulipie kodi ya nyumba, sina ugomvi nao. Lakini wewe uko Kilimanjaro, alikotoka Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 na baadaye kuwa balozi wetu London. Alichora Wachaga wakilima na migomba yao, na picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York. Hakuna tembo hata mmoja mle. Tenga siku mbili kwa wiki za mambo yako.

Pesa za chama zinakaa kwenye simu ya mweka hazina. Ni mtu mwaminifu. (Usa River)

Simu yake nayo ni aminifu? Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wiki hii, naye mwaminifu wenu awe mmoja wao.