Leya 7 za OSI kazini zina kazi gani? Jibu la fundi wa Chuga

Mkuu, umeuliza kama kuna mtu anazitumia kweli hizi leya 7 za OSI (mpangilio unaogawa kazi za mtandao: ya 1 waya, ya 2 adresi za MAC, ya 3 adresi za IP, ya 4 poti, ya 5 mpaka ya 7 mambo ya programu) au ni za kujibia mtihani tu. Mimi nafunga na kurekebisha mitandao hapa Arusha, magesti, maduka, ofisi ndogondogo za utalii, na nazitumia kila nikiitwa, ila sio kwa kuzitaja majina. Mteja hakwambii leya ya 3 imekufa, anakwambia "fundi neti imegoma", kujua imekatikia wapi ni juu yako.

OSI ilitoka kama kiwango cha ISO (shirika la viwango la kimataifa) mwaka 1984, na wakati huo ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, ilishahamia TCP/IP (kanuni za kompyuta kuwasiliana) tangu tarehe 1 Januari 1983. Ndo maana intaneti inaenda na TCP/IP, ambayo kwa kawaida inapangwa leya 4, OSI imebaki lugha ya mafundi kuelewana. Ya 5 na ya 6 aisee sijawahi kuitwa mahali kwa ajili yao. Zinazonilipia kodi ni ya 1 mpaka ya 4, na DNS (inayobadili majina ya saiti kuwa IP) huko juu.

Sasa kwanini zimetenganishwa? Chukua mzigo unatoka Arusha kwenda Kariakoo, boda anaupeleka stendi, basi linaushusha Dar, boda mwingine anaumalizia. Vyombo vimebadilika lakini jina la mpokeaji kwenye boksi ni lile lile na hakuna aliyefungua ndani. Adresi za MAC (za kadi ya mtandao ya kila kifaa) ndo vyombo, zinabadilika kila paketi ikivuka rauta, IP ya mpokeaji ndo jina kwenye boksi (NAT, yaani rauta kubadilisha IP njiani, inachezea majina kidogo ila hiyo tuiache kwanza).

Kesi ya juzijuzi, gesti moja maeneo ya Sakina. Wifi imejaa mistari yote, wageni wengine wanaperuzi wengine hawapati kitu, na aliyekuwa anapata jioni asubuhi hana. Watoa huduma wameshapigiwa wanasema kwetu iko sawa, na kweli kwao ilikuwa sawa. Taa za swichi zinawaka vizuri, waya mrefu kabisa haukaribii hata mita 100, kwahiyo leya ya 1 nikaachana nayo. Nikashika laptopu ya mapokezi, nikaandika ipconfig (inaonyesha adresi uliyopewa), naona 192.168.0.105 na getiwei (mlango wa kutokea) 192.168.0.1. Rauta yao ni 192.168.1.1! Napiga ping (kuuliza kifaa kama kipo) hiyo 0.1, inajibu. Maana yake humo ndani kuna mwenye hiyo adresi na sio rauta yetu. Nikaacha ping -t (isiyokoma) inatembea, nikaanza kuchomoa nyaya kwenye swichi mmoja mmoja, ulipotoka wa ghorofani ping ikakata.

Kumbe kuna mtu kaongeza rauta ya pili juu ili wifi ifike vyumba vya nyuma, waya kauchomeka poti ya LAN (ya upande wa ndani) na DHCP (inayogawa adresi) kaiacha imewashwa. Simu ikiingia kwenye mtandao inauliza kwa kutangaza, nani anipe adresi, na mara nyingi inachukua ya aliyewahi kujibu. Ukijibiwa na hii ya juu unapewa getiwei isiyo na njia ya kutoka. Nikazima DHCP yake, nikaipa 192.168.1.2 (nje ya zile zinazogawiwa na rauta kubwa), basi.

Ukikuta 169.254 ujue hakuna DHCP iliyojibu kabisa. Getiwei inajibu na 8.8.8.8 (adresi ya Google) inajibu ila saiti hazifunguki kwa majina, kamata DNS, poti 53. Kila kitu kinaenda isipokuwa huduma moja, hapo angalia leya ya 4, kuna poti imefungwa na fayawolu au hiyo huduma yenyewe imelala.

Kama chuoni maabara yenu ni ya kwenye slaidi, tafuta rauta mbili chakavu zenye IP tofauti, ziunganishe LAN kwa LAN makusudi, fungua Wireshark (programu ya kuona paketi) uandike dhcp kwenye filta, halafu chomeka laptopu uangalie ofa mbili zinavyokuja kutoka IP mbili tofauti.