Maswali Yenu ya Muziki: Rokenroli ilitoka mikononi mwa nani?

Swali: Baba anashikilia kuwa rokenroli ilianzishwa na Elvis Presley. Mimi nasema ni Chuck Berry. Tuamulieni. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Wote wawili mmechelewa kidogo. Elvis alirekodi "That's All Right" katika studio ya mtayarishaji Sam Phillips mjini Memphis, Marekani, Julai 1954, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Arthur Crudup, mwanamuziki mweusi aliyeurekodi tangu 1946. Chuck Berry alitoka na "Maybellene" 1955.

Kabla yao alikuwepo Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili mzaliwa wa Arkansas, aliyelishika gitaa la umeme kwa ustadi ambao vijana wa baadaye waliufuata. Tafuta "Strange Things Happening Every Day", aliyoirekodi 1944, umsikilize anavyojibizana na kinanda. Kwa maoni yetu, anayeanza hadithi hii bila kumtaja mama huyu ameirukia katikati.

Wengine huanzia kwenye "Rocket 88" ya 1951, iliyopigwa na bendi ya Ike Turner na kuimbwa na Jackie Brenston. Amplifaya ya gitaa iliharibika safarini kutoka Mississippi kwenda studio ile ile ya Phillips, karatasi ya spika ikachanika. Phillips hakuahirisha kazi. Aliijaza spika makaratasi ili isitikisike ovyo, ndipo ukatoka ule mkwaruzo mzito ambao leo watu hununua vifaa maalumu ili kuupata.

Mzee naye ana sehemu yake ya ukweli. Hadi 1949 jarida la Billboard lilikuwa likiziweka santuri za weusi kwenye orodha ya peke yake, kwa jina la rangi yao. Elvis aliufikisha muziki huo kwenye redio na televisheni za wazungu. Pesa ndizo hazikufuata njia ya haki: Crudup alifariki 1974 akiwa bado anadai malipo ya nyimbo zake. Hata "Maybellene" ilitoka ikiwa na jina la mtangazaji Alan Freed kama mtunzi mwenza, ingawa hakuutunga. Hilo si jambo dogo, kwa sababu jina kwenye santuri ndilo linalolipwa.

Swali: Najifunza gitaa. Nikipiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) za rokenroli zinasikika kama gwaride. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Karibu kila mara kosa liko kwenye mkazo. Hesabu mapigo 4: gwaride hukazia la 1 na la 3, rokenroli hukazia la 2 na la 4, pale ngoma ndogo inapolia. Kabla hujashika gitaa, piga makofi kwenye 2 na 4 huku mguu ukigonga mapigo yote.

Kisha shika mizani 12 (kila mizani ni mapigo 4) kwa ufunguo wa A: A mizani 4, D 2, A 2, E 1, D 1, A 2. Wanaoanza hupotea kwenye mizani ya 7 na ya 8. Wanaona A imekaa sana, wanakimbilia E mapema, na wimbo unabaki na mizani 11. Hesabu kwa sauti mpaka mwili uzoee.

Kwa mkono wa kushoto, usishike kodi nzima. Kwenye A, acha uzi wa 5 wazi na ubonyeze uzi wa 4 kwenye kisanduku cha 2. Piga mara mbili, kisha peleka kidole kisanduku cha 4, piga mara mbili, urudie hivyo hivyo. Mizani moja inakula mapigo 8 ya pleki (kidude cha kupigia nyuzi), 2 kwa kila pigo la mguu, yote ya kushuka. Kwa D sogeza kila kitu uzi mmoja chini, yaani uzi wa 4 wazi na wa 3 ubonyezwe. Kwa E, uzi wa 6 wazi na wa 5. Mtindo huu umetoka kwenye mkono wa kushoto wa wapiga kinanda wa bugi-wugi, yaani bluzi ya kinanda yenye mwendo wa haraka. Chuck Berry alikuwa na Johnnie Johnson kwenye kinanda, na ukisikiliza vizuri utajua alikuwa na mwalimu karibu.

Ukipiga na mpiga ngoma, kubalianeni: mnayumba (kila pigo hugawanywa refu kisha fupi) au mnanyoosha (hugawanywa sawa)? Earl Palmer, mpiga ngoma wa New Orleans, aliacha kuyumba akanyoosha ili aendane na kinanda cha Little Richard. Mmoja akiyumba na mwingine akinyoosha bila kupanga, bendi husikika imelegea.

Swali: Twisti (mtindo wa dansi) ya Daudi Kabaka, mwanamuziki wa Kenya, ni rokenroli? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Jina ndiyo, mdundo si sana. Twisti ya Marekani ilirekodiwa na Hank Ballard, ikavuma 1960 kwa sauti ya Chubby Checker. Twisti ya Kabaka jijini Nairobi ina undugu zaidi na kwela, muziki wa filimbi wa Afrika Kusini. "Helule Helule" yake ilirudi ng'ambo: bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliurekodi wimbo huo 1968.