Miche imenywea, trei imelowa: kwa unayeanza majaribio ya baridi kitaluni

Kuna asubuhi utaingia kitalu nyumba ukute miche ya matango imelegea majani, ilhali trei imelowa chepechepe. Usiongeze maji. Mzizi uliopoa haupitishi maji vizuri hata ukizama ndani yake.

Mimi mwanzoni nilifanya kosa jingine. Niliona majani ya chini yamepauka, nikasema naitrojeni imekwisha, nikaongeza mbolea. Baada ya siku chache kingo za majani zikaungua. Kipimajoto kilichoning'inia juu kilisoma nyuzi 18. Nilipochomeka kingine katikati ya trei, kikasoma 11. Naitrojeni ilikuwepo tele, mizizi ndiyo haikuweza kuichukua. Nitrati, naitrojeni katika umbo ambalo mizizi huichukua, haizami yenyewe mzizini, huvutwa na protini za utando wa seli kwa nishati ya upumuaji, na baridi huupunguza upumuaji huo. Hata ile iliyoingia hukaa tu, kwa sababu kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha kuigeuza nacho kimelegea.

Utaambiwa utumie amoniamu, umbo jingine la naitrojeni, kwa kuwa baridi haizuii sana ufyonzwaji wake. Ni kweli, ila bakteria wanaoigeuza kuwa nitrati nao huzubaa kwenye baridi. Amoniamu ikirundikana, mizizi inaumia. Sipendi njia hiyo kwa miche michanga.

Kuhusu homoni, mambo ya msingi utayazoea haraka: asidi ya absisiki, homoni ya dhiki, hupanda na matundu ya majani hufumba; jiberelini, homoni ya kurefusha shina, hushuka na shina hubaki fupi. Inayowapoteza wengi ni sitokinini, homoni ya kugawanyika kwa seli. Sehemu kubwa yake hutengenezwa mizizini, na hushuka kwenye baridi. Lakini hushuka pia mche unapokosa nitrati! Sasa ukiona imeshuka, utajuaje ni baridi iliyopiga majani au ni njaa iliyoletwa na mizizi kupoa? Ukiwa na makundi mawili tu ya miche ya majaribio, la joto na la baridi, hutajua. Ongeza la tatu: mizizi ipashwe joto kwa waya chini ya trei, majani yaachwe kwenye baridi. Ni usumbufu, najua. Bila hilo utabaki kubahatisha.

Sampuli kata saa ileile kila siku, maana kimeng'enya cha nitrati hufuata mwanga. Jani likikatwa, litumbukize kwenye naitrojeni ya kimiminika papo hapo. Likinyauka mkononi, asidi ya absisiki inapanda na utapima uzembe wako. Andika lebo kabla, si baada. Glavu zikishika barafu, kalamu haishikiki.

Na ukipima ufyonzwaji kwa naitrojeni 15, aina nzito ya naitrojeni inayotumika kama alama, suuza mizizi dakika moja kwenye kalsiamu salfeti nyepesi, kuondoa iliyonata nje tu. Mara moja niliruka hatua hiyo kwa trei za baridi, nikazifanyia za joto. Miche ya baridi ikaonekana inakula kuliko wenzake, nami nikatembea kifua mbele siku mbili nzima.