Shangazi, gari la marehemu baba nilikatie bima gani?

*Shangazi, shikamoo. Naishi Chumbageni hapa Tanga, kazi yangu ni bandarini. Marehemu baba alituachia Peugeot 404, alilinunua mwaka 1974 kwa meneja wa shamba la mkonge. Alipofariki mwaka 2021 lilikuwa juu ya mawe, panya wameshakula nyaya. Nimelifufua taratibu, na mpaka sasa limemeza milioni 13. Milioni 3 humo ni za mke wangu, alizipata kwenye vikoba. Kila Jumapili naenda nalo Muheza kumwona mama. Watu wenye harusi nao huja kuliomba, wananipa 80,000. Wakala wa bima ananishauri niandikishe milioni 6 tu ili nilipe kidogo, kwa asilimia 3.5. Rafiki yangu aliyeko Uingereza anasema kwao gari la zamani bima yake ni rahisi mno. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam hataki hata liendeshwe, anasema lifunikwe turubai liwe ukumbusho. Mke wangu hasemi kitu, ila nikiwasha gari anaingia ndani. Nifanyeje? – Mtoto wa Mzee wa 404*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako.

Nianze na huyo wakala, maana ushauri wake naujua, uliwahi kuingia nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa na Land Rover ya zamani aliyoipenda kama mtoto. Wakala mmoja, kijana mwema kabisa, alituambia tuandike nusu ya thamani yake ili tupunguze malipo, nasi tukakubali. Mwaka 2006 lori likatugonga karibu na Segera. Sisi tulitoka salama. Kampuni ikapiga hesabu, ikaona gharama ya kuitengeneza inakaribia ile thamani ndogo tuliyoiandika wenyewe, basi ikaandika kwamba hiyo ni hasara kamili. Tukalipwa, gari likavutwa. Miezi mitano baadaye tuliliona linapita Korogwe, limepigwa rangi ya kijani, linaendeshwa na mtu mwingine. Mume wangu alisimama pembeni ya barabara akalitazama mpaka likapotea. Hakusema neno, na mimi sikuthubutu kumwuliza.

Nimekusimulia haya kwa sababu watu wengi hudhani kuandika thamani ndogo kunapunguza pesa utakazolipwa, basi. Kwa gari kama lako kunaweza kukunyang'anya gari lenyewe. Kampuni ikishalipa hasara kamili, mabaki huwa mali yake. Ukiandika milioni 6, bodaboda akikuvunjia taa na boneti, fundi akinyoosha bodi na kupiga rangi, spea zikiagizwa kutoka nje, milioni 5 hizo si ajabu kufika. Kampuni haitaona sababu ya kutengeneza. Itakupa pesa na kuondoka na kiti alichokalia baba yako.

Hata ajali ikiwa ndogo kuna mtego mwingine. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema kwamba aliyekata bima ya sehemu ya thamani, atalipwa sehemu hiyohiyo ya hasara. Gari la milioni 13 likiandikwa milioni 6, likiharibika kwa milioni 4, unaweza kulipwa milioni 1 na laki 8 na ushei. Zinazobaki ni zako, na juu yake kile kiasi ambacho mkataba unakutaka ujilipie mwenyewe katika kila ajali.

Sasa tuangalie unachookoa. Kwa hiyo asilimia 3.5, milioni 6 ni 210,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 247,800. Milioni 13 ni 455,000, na VAT inafika 536,900. Tofauti ni 289,100 kwa mwaka, chini kidogo ya 25,000 kwa mwezi. Najua mshahara wa bandarini una watu wengi wanaoungojea, siidharau pesa hiyo. Lakini ndiyo bei ya kubaki na gari siku ya balaa, na mimi ningeilipa.

Ila usiende kwa wakala ukasema milioni 13 kwa sababu umetumia milioni 13. Risiti za gereji si thamani. Unaweza ukawa umetumia milioni 2 kwenye kutu tu, na hewa ya chumvi ya huku kwetu haichoki kula bati. Tafuta mthamini wa magari ambaye kampuni inamkubali, alifungue, alipige picha nje, ndani, chini, na namba ya chesisi, aandike ripoti. Kisha fanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: omba mkataba uandikwe kwa thamani ya makubaliano, yaani mmekaa mkakubaliana kabla kwamba gari likipotea lote utalipwa kiasi fulani. Mkataba wa kawaida husema thamani ya soko siku ya ajali, na soko la mjini halina habari na 404. Mtu wa kampuni atatazama mwaka, ataona gari la zaidi ya miaka 50, atakuandikia bei ya vyuma chakavu, na hatakuwa amekuonea kwa mujibu wa karatasi uliyosaini.

Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kwa gari la umri huo. Ukikataliwa mlango wa kwanza usirudi nyumbani. Wakala anaiuzia kampuni. Dalali wa bima anamfanyia kazi mteja, anazunguka kampuni kadhaa kwa niaba yako. Tafuta dalali mwenye leseni, umpe ripoti ya mthamini, na umwambie aulizie pia kama mkataba unakupa haki ya kuyanunua mabaki kwanza endapo itaandikwa hasara kamili. Ungeniuliza kipi nilijuta kutokijua mwaka ule wa Segera, ningekuambia hicho. Ukishalipa, hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kampuni ikikuzungusha kwenye madai, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kazi yake ndiyo hiyo.

Kuhusu Uingereza, rafiki yako hakudanganya. Kule kuna bima maalumu za magari ya zamani, thamani hukubaliwa mapema na malipo huwa nafuu. Hata serikali yao, gari likitimiza miaka 40 na halijabadilishwa sana, huliondolea kodi ya barabara na ukaguzi wa mwaka. Lakini unafuu huo una masharti yake: mara nyingi uwe na gari jingine la kila siku, hili lilale ndani ya gereji, na usizidishe maili mlizopatana kwa mwaka. Bima ni rahisi kwa sababu gari haliendi popote. Kinachofaa kuigwa hapo ni ile tabia ya kutaja mwendo wako. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni kama kilomita 35. Kwenda na kurudi kila Jumapili unapata karibu kilomita 3,600 kwa mwaka. Mwandikie dalali hivyohivyo, na utaje kwamba lina banda lenye mlango unaofungwa, kama lipo. Gari linaloendeshwa kidogo na kulala ndani ni hoja nzuri mezani.

Nije kwenye harusi. Mwanangu, hizo 80,000 zinaweza kukugharimu milioni 13. Bima ya gari binafsi hailindi gari linalobeba watu kwa malipo. Siku maharusi wamo ndani, mashada ya maua yako kwenye boneti, ukagongana na mtu pale mzunguko, kampuni itauliza swali moja tu: ulilipwa? Usiseme uongo, video za harusi ziko mtandaoni kabla bi harusi hajavua hina. Bima imejengwa juu ya kusema kweli tangu siku ya kwanza. Uliloficha ndilo watakalokukatalia nalo. Chagua. Ama umwambie dalali kwamba unalikodisha, ulipie bima ya biashara, ama uwachukue ndugu na majirani bure na wengine uwaombe radhi. Mimi ningeacha malipo. Lakini kama fedha hizo ndizo zinazonunua matairi, basi katia bima ya kukodisha, haina aibu.

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, sheria inailazimisha, kwa hiyo gari lisitoke getini bila hiyo hata siku moja. Ila jua kwamba inamlipa utakayemgonga. Wewe haikupi hata kioo.

Kuna swali hukuniuliza. Kadi ya gari ina jina la nani?

Naamini bado ni la baba. Hukutaja popote msimamizi wa mirathi. Kama ni hivyo, gari hilo si lako bado, hata kama kila boliti umeikaza kwa mkono wako. Ni la warithi wote, na mama yenu Muheza ni mmoja wao, na dada zako kama unao. Bima humlipa mtu mwenye haki juu ya kitu. Ukikata kwa jina lako gari ambalo kadi inasema ni la marehemu, unawapa kampuni sababu ya kukukwepa siku ya shida, na wakilipa, pesa zitaingia kwenye mirathi igawanywe.

Ndiyo maana nadhani kaka yako hagombani na safari za Muheza. Lile gari limeinuliwa kwenye mawe, limepakwa rangi, limeanza kwenda harusini na kuleta hela, na yeye akaziona habari hizo kwenye simu kama mgeni. Turubai ni neno alilolipata. Anachotaka ni kuulizwa.

Kwenye hoja yake yenyewe amekosea, na unaweza kumwambia kwa upole. Gari la petroli likifunikwa huku pwani, petroli inachacha, mipira inakauka, breki zinashikana, kutu inaingia kwa chini msione. Baba yenu alinunua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutembea. 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye vumbi na matope ya nchi zetu. Ile ya 1966 na ya 1967 aliyeendesha alikuwa Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7. Wazee waliokuwa vijana miaka ile wanalikumbuka jina la gari hilo kwa sababu lilipita mbele yao likiwa limejaa tope. Hakuna aliyelikumbuka kwa turubai.

Lakini usimpelekee haya kwa simu. Na kabla yake, kaa na mke wako. Milioni 3 za vikoba ni Jumamosi zake nyingi, na hajui kama zimo kwenye gari la mumewe au la shemeji yake. Hilo la kadi yeye huenda alilifikiria kabla yako. Mwonyeshe hesabu yote, ripoti ya mthamini ikitoka aisome yeye kwanza, na ziandikwe hizo milioni 3 kwamba ni zake. Muulize pia kama amewahi kukaa kiti cha mbele mpaka Muheza, maana katika barua yako nzima safari zote unakwenda peke yako.

Kisha mkutane kwa mama, ndugu wote. Mteue msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo, mkubaliane gari liwe lako na wenzako wafidiwe nini, iwe kwa pesa au kwa kitu kingine cha mirathi. Ulichotumia kulifufua kihesabiwe, ni haki yako. Baada ya hapo mnabadilisha jina TRA, na bima kubwa inakatwa kwa jina lako bila wingu. Wakati mnasubiri, msimamizi ndiye aongee na dalali kuhusu bima ya gari la mirathi.

Kaka akija, usimwache achukue bajaji. Mfuate stendi ya Kange na hilo hilo 404, mkeo akiwa mbele. Na kabla hajapanda basi huko Dar es Salaam mwambie asisahau leseni yake, kwa sababu kutoka Kange mpaka Muheza ataendesha yeye. Hakikisha tu siku hiyo bima iliyopo inamruhusu dereva mwingine mwenye leseni.