Kabla ya kununua pedali: jibu kwa mpiga gitaa wa Katuba

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina miaka 20, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa tatu wa kupiga gitaa. Ninampenda sana Johnny Marr wa kundi la roki la The Smiths, na nimesoma kwamba alikuwa akipandisha nyuzi zake kwa toni moja nzima. Fundi mmoja aliniambia nitoe nyuzi za nailoni, nitie za chuma, nipandishe vilevile, kisha nitafute pedali ya korasi, kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachoifanya sauti ya gitaa la umeme isikike kama ya magitaa kadhaa, ili sauti ing'ae. Nimefanya hivyo, lakini sasa daraja la gitaa, kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi, limeanza kunyanyuka kwa nyuma. Dada yangu amenikopesha dola 120 za kununulia pedali. Ninunue ipi?

JIBU: Mdogo wangu, kabla hujaendelea kusoma, legeza nyuzi zote sita.

Gitaa la nailoni limeundwa kubeba mvuto wa kilo 40 hivi kwa nyuzi zote pamoja, ilhali nyuzi za chuma za gitaa lisilo la umeme huvuta kilo 70 hivi. Tena mvuto haupandi sambamba na kimo cha sauti, bali hupanda kwa mraba wake, kwa hiyo kuipandisha nyuzi toni moja, kutoka mi hadi fa diezi, ni kuiongezea mvuto karibu asilimia 26. Hesabu mwenyewe: gitaa lako limekuwa likivutwa kwa zaidi ya mara mbili ya kile lilichoundiwa, na kwa kawaida magitaa ya aina hiyo hayana hata ufito wa chuma ndani ya shingo wa kuyasaidia. Daraja linaweza kurudishwa kwa gundi ya mbao, likabanwa usiku na mchana bila nyuzi juu yake. Usikubali mtu alibandike kwa gundi ile inayokauka papo hapo, kwa maana likibanduka tena litaondoka na kipande cha kifua cha gitaa.

Ni kweli kwamba Marr alipandisha nyuzi zake. Alizipandisha kwenye magitaa ya umeme, yenye nyuzi nyembamba na ufito wa chuma shingoni, na mara nyingi alitumia kapo, kibano kinachobana nyuzi zote shingoni, kufika palepale. Ukitaka toni moja juu, bana nyuzi zote kwenye nafasi ya pili ya shingo kwa kalamu ya risasi na ukanda uliokatwa kwenye tubu ya baiskeli, kama nilivyofundishwa mimi nilipokuwa na umri wako. Sauti itapanda, na mvuto utabaki karibu uleule. Fundi wako angelijua hilo, angekuambia bure.

Daraja, hata hivyo, ni jambo dogo. Linalonichosha ni lile swali la mwisho, ambalo ninaletewa karibu kila wiki na vijana wenye vidole vizuri na masikio mazuri: ninunue nini ili nisikike kama fulani? Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba sauti ya mpigaji hukaa ndani ya chombo chake, kama mafuta ndani ya chupa, na kwamba anayeinunua chupa amenunua mafuta.

Mtazame huyo unayempenda. Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1963, kwa wazazi waliotoka Ireland. Alipoanzisha The Smiths pamoja na mwimbaji Morrissey mwaka 1982 alikuwa na miaka 18, na alipoondoka mwaka 1987, akiwa amekwisha kurekodi albamu nne za studio, hakuwa ametimiza miaka 24. Watu wakiziona tarakimu hizo husema kwamba ni kipaji cha kuzaliwa au ni vyombo vya Wazungu, wala hawaulizi kijana huyo alikuwa akifanya nini kabla ya 1982. Alikuwa akisikiliza. Alizichukua sahani za muziki wa Motown, kampuni ya Marekani ya muziki wa Wamarekani weusi, na kujaribu kuvitoa kwa gitaa moja vitu vyote alivyovisikia humo, hata piano na vinanda. Alimfuatilia Bert Jansch, Mskoti aliyecharaza gitaa lisilo la umeme kwa namna ambayo kila kidole kilishika njia yake, na alimpenda Nile Rodgers, Mmarekani mwenye mkono wa kulia unaokata mdundo kama wembe, kiasi cha kumpa mwanawe jina la Nile. Ukimsikiliza Marr kwa utulivu utawasikia wote hao, kila mmoja mahali pake, na utaelewa kwamba ule mng'ao unaoutafuta unatokana na nyuzi zilizopigwa moja moja badala ya kufagiliwa zote kwa pamoja, na nyuzi tupu zilizoachwa zilie huku vidole vikihama.

Vyombo alibadilisha kila mara. Katika magitaa ya umeme alipiga Rickenbacker, alipiga Telecaster, baadaye akahamia Jaguar. Mwaka 2006 akajiunga na kundi la Modest Mouse huko Marekani, kisha akaingia kundi la The Cribs, na mwaka 2013 akatoa albamu kwa jina lake mwenyewe. Popote alipo, anayemjua humtambua mapema. Hata ule mtetemo maarufu wa wimbo wa The Smiths wa 1984 unaoitwa "How Soon Is Now?", ambao vijana wengi huuhusisha na pedali fulani ya siri, ulitoka kwenye ampli (vikuza sauti) kadhaa za Fender zenye kitetemeshi ndani yake. Yeye na mtayarishaji wake, John Porter, walikaa mbele ya ampli hizo wakirekebisha kasi kwa mkono, na mtetemo ulipoachana na ngoma walirudisha mkanda nyuma na kuanza tena, kipande kwa kipande. Mashine ilikuwepo, nakubali. Kilichoufanya wimbo huo ni masikio mawili yaliyojua saa ngapi mashine imekosea.

Wala si lazima uende Manchester kuliona hilo. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa hapa Katanga aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akiwa na gitaa lisilo la umeme na bila kifaa kingine chochote. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na bado wageni waliozisikia rekodi zake walidhani wapigaji ni wawili. Mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu kuhusu vidole hivyo viwili, noti kwa noti. Mwenda hakuwa mpigaji wa roki, lakini ujanja wa kuifanya nyuzi moja iseme huku nyingine ikijibu ni jamaa wa karibu sana wa kile unachokipenda kwa Marr, na wewe umezaliwa mwendo wa saa chache kutoka mahali rekodi hizo zilipofanyika.

Kwa hiyo ninawaambia wote wanaosoma hapa, si kijana wa Katuba peke yake. Yupo anayewauzia kozi ya siku kumi na nne. Yupo anayewaambia mloweke vidole katika siki au spiriti ili viwe vigumu, wakati ngozi hujifanya ngumu yenyewe kwa kupiga kidogo kila siku, na iliyokaushwa kwa spiriti hupasuka. Yupo anayeuparuza kwa msasa mfupa wa juu wa shingo, ule wenye vijia vya kupitishia nyuzi, ili nyuzi zishuke, akapitiliza, na tangu siku hiyo nyuzi tupu zinavuma kama nyuki. Wote wana dalili moja: hutaja bei kabla ya kukuomba upige hata mstari mmoja. Mimi mwenyewe, kabla sijagusa gitaa la mtu, humwambia akae apige, kwa sababu mara nyingi kile anachokiita ubovu wa gitaa kinatokana na kidole gumba kilichoishika shingo kama mpini wa jembe.

Kuhusu pesa za dada yako: pedali ya korasi haina kazi kwenye gitaa lisilo na pikapu, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi, wala ampli, jambo ambalo muuzaji hangekukumbusha. Nunua seti mbili za nyuzi za nailoni na gundi ya mbao, ununue pia kalamu ya risasi kama huna, na zinazobaki umrudishie. Daraja likishakauka, chagua wimbo mmoja usiozidi dakika tatu, uutafute kwa masikio tu bila kutazama video ya mikono ya mtu, mwezi mzima, kisha uniletee niusikie.