Bibi harusi, futa miadi ya Jumamosi

Usiende. Nimesoma swali lako mara mbili. Harusi yako hapo Malindi imebaki wiki tano, mashavu yana madoa meusi ya chunusi, na saluni imekupa nafasi Jumamosi ukapitishiwe rola ya sindano usoni, kile kigurudumu chenye sindano ndogo nyingi, ili madoa yatoke. Unauliza bei ya haki ni ngapi, inauma kiasi gani, unahitaji kwenda mara ngapi, na baada ya siku ngapi unaweza kupaka poda. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, umetaja kwamba chunusi mbili tatu bado mbichi na kwamba mchana kutwa uko nje unauza nguo. Hapo ndipo nilipoweka ufagio chini nikashika simu.

Mimi ni wa Lamu, Langoni. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa, nami nilikuwa na madoa tisa. Naijua idadi yake kwa sababu kila asubuhi niliyahesabu kwenye kioo, makubwa yao kama punje ya dengu. Nikaona kwenye simu tangazo la saluni moja ya Malindi, sura kabla na sura baada, ile ya pili laini kama tui zito. Nikapanda basi.

Binti aliyenihudumia alinipaka krimu ya ganzi, tukangoja kama dakika kumi, akatoa rola kwenye droo. Bibi harusi, kwenye droo, pamoja na vitana na pini za mtandio. Akaichovya kwenye spiriti, akaipangusa kwa pamba, na nikaona kwa macho yangu nyuzi za pamba zimenasa kwenye sindano mbili zilizopinda ncha. Nikanyamaza. Alikuwa ameshaniita dada mara kumi na kuniletea chai, nikamwonea haya. Akasema sindano zake ni milimita moja na nusu, "ndizo zinazong'oa madoa". Ngozi ya juu ya uso, ambako rangi inatengenezwa, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hesabu mwenyewe sindano ile ilikwenda kutafuta nini huko chini.

Inauma, ndiyo. Mashavuni inavumilika, paji la uso ndipo machozi yanapotoka. Damu ilitoka vitone vitone, akaipangusa, akanimwagia seramu ya vitamini C juu ya matundu. Hilo pia usikubali. Seramu ya kupaka juu ya ngozi nzima haikutengenezwa iingizwe ndani ya ngozi iliyotobolewa, na madaktari wameandika kuhusu watu walioota vinundu usoni kwa sababu hiyo hiyo.

Nikamwambia, kesho nasafiri, vipi jua? Akajibu, "Jua halina neno, dada, jitandie mtandio tu." Mpaka leo sauti yake naisikia. Mtu anachukua pesa yako, anautoboa uso wako matundu mamia, anaishi Malindi ambako jua linapiga utosini, na hajui kwamba jua ndilo adui wa kwanza wa kazi anayoifanya! Kama hajui, ameipata wapi ile rola? Na kama anajua, basi amenidhulumu.

Kesho yake nikapanda basi la Mokowe. Nilikaa dirishani upande wa kulia, upande linakochomoza jua, na pazia hakuna. Mtandio niliushusha hadi kidevuni kwa sababu uso uliwaka na kitambaa kilikwaruza. Garsen, Witu, jua liko nami shavuni. Mokowe tulifika karibu na adhuhuri, tukakaa kwenye boti tukingoja abiria wajae. Jua moja lilitoka juu na jingine lilitoka majini. Mashavu yalikuwa yanapwita.

Siku ya nne ngozi ikabambuka, chini yake laini, nikafurahi nikawaonyesha watu. Siku ya kumi rangi ikaanza kupanda. Kufikia usiku wa hina nilikuwa na mistari ikifuata njia ya rola, kutoka chini ya jicho hadi tayani, rangi ya kahawa iliyoungua. Watoto wa kaka yangu wakaniita Punda Milia. Nikawajibu kwamba Lamu punda ni wengi lakini mwenye milia ni mmoja tu, wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaingia chooni nikalia hadi wanja ukafika shingoni. Katika picha zote za harusi ya mdogo wangu niko nyuma ya mtu.

Miezi kumi na minne. Ndiyo muda mistari ile ilionitesa, na mmoja wa kushoto ukinitazama juani bado unauona.

Daktari wa ngozi wa Mombasa alinieleza. Chembe zinazotengeneza rangi tunazo idadi ile ile na Mzungu, ila zetu hufanya kazi zaidi, na zikiumizwa zinamwaga melanini, yaani ile rangi yenyewe. Sindano ni jeraha. Jua juu ya jeraha ni amri ya pili ya kumwaga rangi. Rangi ikishadondokea tabaka la chini, hukaa miezi, wakati mwingine miaka. Na chunusi mbichi ikipitiwa na rola, uchafu wake unasambazwa uso mzima. Akanieleza pia kwamba sindano hizi zina kazi yake, hasa makovu ya mashimo, kwa sababu jeraha dogo huita kolajeni, protini inayoijenga ngozi. Kule Marekani, FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa vya tiba, ilipokiruhusu kifaa cha kwanza cha aina hii mwaka 2018, ilikuwa kwa makovu ya chunusi usoni. Madoa hayakuwamo. Wako madaktari wanaotibu madoa nazo hata kwa ngozi kama zetu, kwa sindano mpya iliyofunguliwa mbele yako, chunusi zimekauka, na uso umeandaliwa wiki kadhaa kabla. Hiyo si saluni ya droo.

Kwa hiyo lishike hili hata kama mengine yote utayasahau: kinga ya jua kwanza, miezi mitatu. Miezi mitatu ya kukinga uso na jua kila siku, bila kuruka hata siku moja ya mawingu, kabla sindano yoyote haijakugusa. Krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, ijaze mistari miwili kwenye vidole viwili, hiyo ndiyo ya uso na shingo, na ukiwa nje irudie kila baada ya saa mbili. Tafuta yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksaidi ya chuma, maana hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huzidisha weusi wa madoa kwenye ngozi zetu. Juu yake kofia pana au mtandio, na kiti chako cha biashara kihamishie kivulini. Madoa mengi ya chunusi hufifia yenyewe ukiyanyima jua na ukiacha kuyatumbua. Yangu tisa ya mwanzo yalikuwa yameshaanza kufifia kabla sijapanda lile basi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Bei? Nililipa shilingi 4,500. Kisha nauli ya Mombasa mara sita, krimu za daktari, na vipimo vya damu vya homa ya ini na ukimwi kwa sababu ya zile sindano zilizopinda. Alhamdulillahi majibu yalikuwa mazuri, lakini usiku wa kuyangoja sikulala.

Harusini mpambaji hodari atayafunika madoa yako kwa dakika tano. Mistari kama yangu haikufunikika. Singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bibi harusi, ipake mwilini, usoni usijisugue kwa nguvu, na atakayekwambia upake limau halafu utoke juani mfukuze.

Kama umeshalipa arubuni, waombe waihamishie kwenye hina ya mikono na miguu. Wakikataa, waachie.