Maswali ya Wasomaji: Je, Modeli Yangu ya Mto Imethibitishwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasomea uhandisi wa maji hapa Iringa. Nimetengeneza modeli ya kompyuta inayoiga mtiririko wa Ruaha Mdogo. Nilipoilinganisha na vipimo vya kila siku vya mtoni, kipimo cha uhusiano kilifika 0.94, na jaribio la t, lile la kitakwimu la kulinganisha wastani mbili, halikuonyesha tofauti kati ya wastani wa modeli na wa mto. Je, niandike kwamba imethibitishwa?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, usiandike hivyo bado. Kipimo cha uhusiano huonyesha tu kama namba mbili hupanda na kushuka pamoja. Tuseme mto ulipimwa mita za ujazo 4, 6, 8 na 12 kwa sekunde, nayo modeli ikatoa 8, 12, 16 na 24: uhusiano ni 1 kamili, ilhali kila jibu ni maradufu ya ukweli. Kwa sababu hiyo wataalamu wa maji hutumia pia kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970, ambacho hugawanya jumla ya miraba ya makosa ya modeli kwa jumla ya miraba ya tofauti kati ya vipimo na wastani wake, kisha hutoa jibu hilo katika 1. Katika mfano wetu ni 260 kwa 35, na matokeo ni takriban -6.4. Modeli iliyo chini ya sifuri imeshindwa hata na mtu anayetaja wastani wa mto kila siku.

Jaribio la t nalo lisikutulize, kwani kutoona tofauti si kuthibitisha kwamba haipo. Mto wenu hutofautiana sana kati ya miezi ya mvua na kiangazi, na mtawanyiko huo humeza makosa ya modeli. Chukua tofauti ya modeli na kipimo kwa tarehe ileile, kisha utafute wastani wa tofauti hizo pamoja na mipaka yake ya uhakika, yaani namba mbili ambazo wastani halisi huenda uko kati yake. Na kwa kuwa maji ya leo hufanana na ya jana, usizihesabu siku 365 kama ushahidi 365 unaojitegemea.

Haya yote yafanyike kwa miaka ambayo hukuitumia kurekebisha modeli. Oktoba na Novemba, maji yanapopungua na wakulima wa umwagiliaji kuyagombea, zipime peke yake, maana kosa dogo la mita za ujazo huko ni sehemu kubwa ya mto. Ripoti yako iseme modeli inafaa kwa kazi gani, katika miezi ipi, na kwa kosa la kiasi gani.